Fidia ya Kirimi

Wapita njia wakituona kwenye benchi letu nje ya bucha, Dixon Road, huku Ontario, hudhani hatuna kazi. Wanatuonea! Kazi yetu ni kumaliza kesi za watu. Mogaka, tunayemwita Jaji ingawa anaendesha foklifti, kunyanyua mizigo ghalani, huleta kahawa ya tangawizi. Methodius wa Bukoba, yaani Bunge, huleta ubishi. Mimi nawavumilia. Kikombe cha mwenzetu Kirimi bado tunakiweka, tangu mwaka jana gari lilipopita taa nyekundu likamgonga hapo mbele, akafa. Familia yake ya St. James Town imemshtaki dereva.

— Sheria ya Ontario iko wazi, bana, akasema Jaji. Mjane, watoto, wajukuu, wazazi, babu na bibi, ndugu wa tumbo moja. Wanalipwa fidia ya matunzo, mwongozo na ukaribu waliopoteza.

— Na binamu zake wa Meru? nikauliza.

— Zii! Asiyekuwepo na lake halipo.

— Aisee, na miaka miwili tu ya kufungua kesi! akasema Bunge.

— Inatosha. Haraka haraka haina baraka.

— Basi sisi je? akadakia Bunge. Huo ukaribu nani kaupoteza kama sisi? Benchi lidai!

— Lidai! akasema Jaji. Mchumia juani hulia kivulini, na sisi jua limetuchoma hapa miaka minane!

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Ndipo akaja msichana kutoka kituo cha basi.

— Shikamooni. Mimi Kendi, binti wa Kirimi. Nimesikia rafiki zake hukaa hapa.

— Marahaba, mwanangu! Jaji akasimama. Usiogope kesi, nitakuwa shahidi wako. Kila Jumamosi baba yako alikuwa nasi, asubuhi mpaka jioni. Hakukosa hata moja!

Kendi akamtazama.

— Jumamosi? Nyumbani alisema yuko zamu kazini, Malton.

Bunge akainama kufunga kamba za viatu vyake, na kamba zilikuwa zimefungwa.

— Jumatatu wakili wa bima ya dereva ananihoji, akasema Kendi. Ataniuliza siku za mapumziko baba alikuwa akifanya nini na sisi, apime huo ukaribu wetu. Nimjibu nini, anko?

Jaji akaketi tena. Masikini, mtoto alisubiri kweli. Aibu ikanishika, nikakivuta kikombe cha Kirimi nikifiche nyuma ya mguu wangu, na Kendi akaniona.