Nani Kaufufua Mtaa wa Turubai

Ukitaka kujua jambo lolote la Tunduma, hata lile ambalo bado halijatokea, nenda asubuhi Mtaa wa Turubai, kwenye benchi la kahawa la Restuta. Benchi limeegemezwa kwenye mlango wa fremu iliyofungwa, na hapo ndipo wanapokaa wataalamu. Zamani mtaa huu ulikuwa wa madereva. Malori yalipanga foleni siku nenda siku rudi yakingoja kuvuka kwenda Zambia, na madereva wakawa wanakula hapa, wananyolewa hapa, wanashonewa maturubai yao hapa. Mambo ya mpakani yalipoharakishwa, malori yakaanza kupita bila kusimama, na mtaa ukafa hivi hivi, bila hata matanga. Mbuzi wakahamia vibarazani. Halafu akaja Faudhia na cherehani moja, akaanza kushona mashati ya vitenge. Akafuata kinyozi, akafuata fundi viatu, akafuata Priska na miche yake ya maua kwenye makopo ya rangi, likafuata duka la mchele. Hakuna tajiri hata mmoja kati yao na hakuna aliyewaita. Leo mtaa umejaa hadi pa kuegesha baiskeli hupati, na pale benchini imebaki kazi moja tu, kueleza ni nani kaufufua.

— Ni Wazambia, — alisema Boazi, akipuliza kahawa yake. — Mjadala umefungwa. Twende mada nyingine.

Boazi waliyemwita Kwacha alibadilisha fedha mpakani ujana wake wote, na mpaka leo hawezi kutaja kitu bila kukivusha Zambia na kukirudisha.

— Wazambia walikuwepo tangu zamani, — alisema Jofrey. — Mbona mtaa ulikufa na wao wapo?

— Walikuwa hawajaliona shati la Faudhia. Sikiliza, Injinia. Mama mmoja wa Nakonde alinunua shati kwa Faudhia, akampa kaka yake. Kaka akalivaa harusini Lusaka. Harusi nzima ikasimama. Bwana harusi akasahau kiapo.

— Acha kamba.

— Muulize yeyote. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo inamsema mlafi, — Restuta alisema huku akimimina. — Unaupeleka wapi mtaa wa watu?

— Si ndiyo hivyo, wanakuja wanachovya, mzigo unaisha, Faudhia anashona mwingine. Mnataka methali ifanye nini zaidi?

Aliyekuwa hasikilizi ni Rabson, ingawa mlango walioegemea ulikuwa wake. Walimwita Foleni kwa sababu maisha yake yote alikuwa akiwauzia skonzi madereva waliokwama kwenye foleni. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na tanuri alilolijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, na madereva walikuwa wakilifuata kwa harufu tu. Foleni ya malori ilipokwisha, alizima moto, akafunga mlango. Wenzake wakaona kibaraza kimekuwa kitupu, wakaleta benchi. Sasa Deus, mfanyabiashara wa simenti, alitaka kuikodi fremu kwa miaka mingi, tanuri libomolewe, mifuko ipangwe mpaka darini. Saa sita mchana angekuja kuchukua jibu. Asubuhi, Rabson akivaa viatu, mkewe Tabita alimwambia neno moja tu: “Fremu ni yako. Ila mikono yangu bado inajua kukanda.” Neno lile lilikuwa bado linamchoma.

— Jamani, — alisema. — Mimi sitaki kujua nani kaufufua. Nataka kujua kama utadumu. Huu mtaa umefufuka kweli, au umeamka kunywa maji urudi kulala?

Habari ya Deus wote waliijua.

— Utadumu, — alisema Jofrey. — Mimi naongea kitaalamu.

Jofrey aliitwa Injinia kwa kuwa siku moja, barabara ilipokuwa inapimwa, alipewa kamba ashike.

— Malori yalilala hapa miaka na miaka. Uzito ule mnaujua? Umeukandamiza mtaa katikati. Huu mtaa sasa ni sahani. Mtu akitoka nyumbani hana hata safari, miguu yenyewe inateremka huku. Ukiweka chungwa pale juu barabarani, linajiviringisha mpaka mlangoni kwa Faudhia.

— Umejaribu? — aliuliza Restuta.

— Nimejaribu.

— Likafika?

— Lililiwa njiani. Lakini lilikuwa linakuja.

Kwacha alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Rabson naye alicheka, bila kutaka.

— Sasa mbona sahani haikuteremsha mtu miaka yote ile ya mbuzi? — alimuuliza.

— Mbuzi ana kwato. Kwato hazifuati mteremko.

— Hapo Injinia umepotea, — alisema Makene taratibu. — Mnyama usimseme mbele yangu.

Makene ndiye mwenye duka la mchele. Alitoka bondeni Kamsamba, kwenye joto, na tangu ahamie Tunduma hajawahi kuvua koti, ndiyo maana wakambatiza Joto. Dukani alikuwepo mkewe Stamili. Makene alisema anakuja benchini kupata moto wa jiko la kahawa tu, lakini aliupata mpaka saa saba.

— Kule kwetu, — alisema, — ng'ombe hata wawe wengi namna gani, wakifika mtoni wanasimama. Wanaangalia maji. Unapiga, unapiga filimbi, wapi. Halafu anaingia mmoja. Akishaingia huyo, hao wengine huwazuii. Mtaa huu ni hivyo hivyo. Faudhia aliingia majini.

— Kwa hiyo Faudhia ni ng'ombe? — aliuliza Kwacha.

— Nimesikia, Makene, — ilitoka sauti ng'ambo ya barabara, cherehani ikiwa haijasimama.

— Ni sifa hiyo, dada. Kwetu ni sifa kubwa kabisa.

— Basi kilo mbili za mchele jioni, za sifa.

Makene akajikunyata kwenye koti. Rabson alimwangalia kwa makini, kwa sababu lile neno la mtoni lilikuwa limemgusa. Lakini Makene naye alikuwa mwana benchi, na mwana benchi haachi neno zuri lijikalie peke yake.

— Ila sababu yenyewe hasa, — akaendelea, — ni hii baridi yenu. Binadamu akipata baridi anatafuta mwenzake wa kubanana naye. Wamebanana hapa. Likija joto, wote wanakwenda zao.

— Aa, umeanza vizuri umemalizia shimoni, — alisema Kwacha. — Ni Wazambia. Nasikia sasa hivi kule Ndola watoto wanafundishwa shuleni njia ya kuja Mtaa wa Turubai. Wanaimba kabisa.

— Wanaimba nini?

— Sijaupata wimbo wote.

Kijana wa bajaji alisimama, akauliza zipu ya begi inauzwa wapi. Benchi zima likanyoosha mkono kwa pamoja: fundi viatu, mlango wa buluu, umwambie umetoka kijiweni. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mtaa. Hapa hakuna mwenye duka anayemwambia mteja “hakuna”. Asipokuwa nacho, anakutoa nje mpaka kibarazani, anakuonyesha mwenzake kwa kidole. Na mwenzake naye akikosa, unaletwa benchini, kwa sababu benchi halijawahi kushindwa kumwelekeza mtu. Wazee hawa walijivunia jambo hilo kuliko hata watoto wao.

Na palikuwa na desturi nyingine, iliyoanza siku ya Faudhia. Mtu akifungua duka jipya, siku ile majirani wote hawauzi kitu mpaka yeye auze kwanza. Wanasimama milangoni wanangoja, na mmoja anakwenda kumnunulia. Wanaita kumfungulia mkono.

— Foleni, hebu simama, — alisema Restuta ghafla. — Jamani mwangalieni. Shati, la kwanza la Faudhia. Kichwa, cha kwanza cha kinyozi. Soli ya kiatu, ya kwanza ya fundi. Ua umenunua kwa Priska na bustani huna.

— Liko dirishani, — alisema Rabson. — Limestawi.

— Watu wote hawa umewafungulia mkono wewe. Wa kwako umeutia mfukoni.

Restuta alikulia Nanyala, kwa baba aliyelima kahawa maisha yake yote, akaiuza yote, na yeye mwenyewe akanywa chai mpaka anazeeka. Ndiyo maana Restuta alikuwa anakaanga kahawa hadharani na hakuwa na subira na mtu anayefungia riziki yake.

— Dada Restuta, — Rabson alisema, na sauti ilikuwa nzito, — wateja wangu walikuwa na magurudumu. Waliondoka nayo. Faudhia anashonea watu. Mimi nilikuwa naokea foleni, na foleni haipo. Nikiwasha tanuri leo halafu skonzi zilale, nitamwambia nini Tabita? Nimeshamwona akizitupia kuku mara moja. Sitaki kumwona tena.

Injinia akamwekea mkono begani.

— Mimi nakushauri kama mdogo wako. Haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo Deus akifika tu, mpe jibu hapo hapo.

— Jibu gani?

— Hilo sasa ni lako. Mimi nimekupa methali.

Jua lilikuwa limeshapanda. Rabson alijua nusu ya asubuhi imekwisha na hakuna alichopata isipokuwa chungwa lililoliwa, ng'ombe wa Kamsamba na wimbo wa Ndola usiokamilika. Alianza kupanga moyoni namna ya kumwambia Deus ndiyo, na maneno yalikuwa yanakuja kwa shida.

Ndipo akafika mama mmoja, kapu mkononi, shati jipya la kitenge limekunjwa juu ya kifurushi cha mchele. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini.

— Mulishani mukwai, — alisalimia.

— Bwino, mukwai, — alijibu Kwacha, akiruka kutoka kwenye benchi kama shahidi aliyesubiriwa mahakamani. — Mnaona? Mnaona sasa? Karibu, mama. Umetoka ng'ambo?

— Nakonde. Nimekuja kwa miguu tu, si mbali. Nimezunguka sana hapa. Mshonaji amenipeleka kwa kinyozi, kinyozi kwa mama wa maua, mama wa maua kwa mama wa mchele. Mama wa mchele kasema, kaulize pale kwenye benchi, wale wazee wanajua kila kitu.

— Hajakosea, — alisema Injinia, akijinyoosha kola. — Sema, mama.

— Mkate wa moto unapatikana wapi?

Kwacha alirudi benchini, akakaa. Injinia alinyoosha kidole upande wa mpakani, akakihamishia upande wa Vwawa, mwisho akajikuna nacho pua. Makene aliitazama ardhi kana kwamba jibu limedondoka pale.

— Ule wa mifuko upo, — alisema hatimaye. — Unaletwa na gari kutoka Mbeya.

— Huo hata Nakonde upo. Nauliza uliookwa hapa. Mtaa mzuri hivi, nguo ipo, mchele upo, hadi maua. Mkate wenu nani anaoka?

Kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe pale, mtu aliuliza kitu na benchi halikuwa na mahali pa kumpeleka. Hata Restuta aliacha kumimina, lakini alikuwa anamwangalia Rabson.

Rabson alikuwa anaiangalia miguu ya yule mama. Haikuwa na magurudumu. Hakukwama kwenye foleni yoyote, hakulazimishwa na mtu, hakuvutwa hata na harufu, maana tanuri lilikuwa limezima. Ametembea mlango kwa mlango akiutafuta mkate ambao haupo. Rabson alisikia kitu kikimpanda kifuani, akajua ni furaha, na furaha ile ilimtia hofu kidogo.

— Hapa hapa, — alisema.

— Hapa wapi, baba?

— Hapa nyuma yetu. Kesho asubuhi. Ukija mapema utaukuta unatoka tanurini.

— Basi nitakuja na dada yangu. Natotela sana, — alishukuru mama, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.

Wazee walibaki wamekaa.

— Sasa ndugu zangu, — alisema Rabson, — mmeukalia mlango.

Walisimama. Tabita alipopigiwa simu hakungoja maelezo yaishe, alikata, akaenda kutafuta hamira. Kufuli lilikuwa limeota kutu, ikabidi Makene avue koti ndipo apate nguvu ya kulipiga, na mtaa mzima ulimwona Joto bila koti ukashangilia. Faudhia alikuja na ufagio. Priska alikuja na ndoo ya maji. Benchi lilibebwa na watu watatu waliokuwa na maoni manne juu ya mahali pa kuliweka, Injinia akisisitiza kwamba wakiliweka kwenye mteremko litateleza mpaka Zambia, Kwacha akisema basi ndiyo liwekwe hapo hapo.

Deus alifika saa sita akakuta benchi limesimama katikati ya barabara, vumbi linatoka mlangoni kama moshi, na ndani sauti ya mtu anapiga chafya. Aliinama akachungulia. Rabson alikuwa amezama kwenye mdomo wa tanuri mpaka mabegani, anazoa majivu ya zamani.

— Afadhali, — alisema Deus. — Naona unanisafishia.

Rabson alitoka taratibu. Uso wote ulikuwa mweusi, yakabaki macho na meno, na alikuwa anacheka.

— Nisamehe, ndugu yangu Deus, — alisema. — Kuna mtu ameulizia mkate.