Nasaha za Safari kwa Profesa na Wenzake

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, Profesa wetu Mkuu wa Idara, waheshimiwa wahadhiri, mafundi wa maabara, madereva, wahudumu, ndugu wageni waalikwa, na wewe bwana mhasibu uliyeshika kipande cha tatu cha keki ukidhani sikuoni: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano niwaage wasafiri wetu wawili wanaokwenda ng'ambo kwenye kongamano, na niwape maneno ya kuwafaa njiani. Najua wengine mnanong'onezana, huyu katibu muhtasi anajua nini kuhusu safari, mtu hata pasi ya kusafiria hana? Ni kweli, sijawahi kupanda ndege. Lakini kwa miaka ishirini na miwili, kila msomi wa jengo hili aliyekwama uwanja wa ndege alimpigia nani simu? Mkewe? Mkewe alikuwa amelala zake. Walinipigia mimi.

Basi nisikilizeni. Pasi haiwekwi kwenye begi kubwa linalopakiwa chini ya ndege. Mnacheka, lakini yuko mhadhiri humu ndani ameinamisha kichwa, na yeye anajua kwa nini. Anwani ya hoteli iandikeni kwenye karatasi, kwa kalamu, maana simu ikizima huko hakuna anayejua kwamba wewe ni daktari wa falsafa. Koti livaeni mwilini, msilifungie kwenye begi. Matundu ya umeme ya kule si kama ya kwetu, kwa hiyo bebeni adapta. Na mkifika tu, badilisheni saa. Kuna mwenzetu aliingia ukumbini na tai yake, kakohoa vizuri, kafungua makabrasha, akakuta wanafagia.

Halafu kuna suala la vimiminika, na hapa, Profesa, utaniwia radhi.

Miaka miwili iliyopita Profesa alisafiri na chupa ya maji kwenye mkoba wa mkononi. Hayakuwa maji ya kunywa. Ilikuwa sampuli ya maabara yetu, alitaka kuwaonyesha wajumbe. Ofisa wa ukaguzi akamwambia, mzee, na chupa hiyo hupiti, kunywa au mwaga. Foleni nyuma ndefu, watu wanaguna. Profesa akaona haya kumwaga kazi ya idara mbele za watu. Akainywa yote.

Sasa, ndugu zangu, kwenye mkoba uleule kulikuwa na makala yenye jina lake juu. Makala hiyo ilisema nini kuhusu maji yale? Kesho yake simu ikalia ofisini. Sauti ya Profesa ilikuwa ndogo, na ilikuwa inatoka chooni. "Katibu, hebu muulize fundi, yale maji yana nini?" Nikashuka maabara mbio. Fundi alikuwa anasuuza chupa, wala hakugeuka. Akasema, "Mwambie asome ukurasa wa nne. Si kaandika mwenyewe?"

Naona Profesa naye anacheka. Vizuri, maana siku ile hakucheka.

Fundi huyo ndiye msafiri wetu wa pili. Hapa chuoni tunamwita Bi Matangi. Miaka minne amepanda juu ya mapaa ya nyumba, shule na zahanati, na ngazi yake begani, anachota maji kwenye matangi, anakuja kuyapima. Yeye ndiye aliyegundua kwamba maji yanafika kwenye bomba yakiwa safi, yanakwenda kuharibikia juu ya mapaa yetu wenyewe. Alianguka mara moja akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wiki ile nilipokea tarakimu zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto, zimelala lala, lakini zote zilikuwepo. Nilizichapa mimi. Nililia kidogo, nikaendelea kuchapa.

Zikatoka makala tatu. Juu yake pameandikwa jina la Profesa, halafu maneno mawili: "na wenzake". Bi Matangi alimpelekea mama yake nakala moja. Mama akavaa miwani, akatafuta jina la mwanawe, akatafuta tena. Mwisho akauliza, "Mwanangu, huyu Wenzake ni nani, mbona kila kazi yumo?" Bi Matangi alinisimulia hayo huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Profesa, nitasema na haki yako. Wewe ndiye uliyemkuta anaosha chupa ukamwambia, jaribu kupima. Wengine wangempita. Kwa hilo nakuheshimu, na ndiyo maana nayasema haya mbele yako badala ya kuyasema jikoni.

Ilipokuja fomu ya kongamano, palikuwa na mstari unaosema: jina la mtoa mada. Nikakuuliza nijaze nini. Ulikuwa kwenye simu, ukanipungia mkono ukasema, "Jaza kama kawaida." Nami nikajiuliza, kawaida kazi hii huwa anaifanya nani? Nikajaza jina lake. Ukasaini bila kusoma, kama kawaida. Ratiba imefika asubuhi ya leo, imeshachapwa, na waandaaji wanasema haibadilishwi. Kwa hiyo, Profesa, nasaha yangu kwako ni nyepesi: kaa mstari wa mbele, piga makofi, na ukiulizwa swali sema mtoa mada atajibu. Nawe umo kwenye ratiba, usijali. Umo kwenye "na wenzake".

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, kama kuna barua ya onyo, mwezi ujao nastaafu. Itanikuta nyumbani.

Bi Matangi, mdogo wangu, acha kujificha nyuma ya mlinzi, njoo hapa. Huko utakuta watu mia tatu, na mtoa mada huanza kwa kutaja jina lake. Miaka yote hii sijakusikia ukilitaja lako kwenye kipaza sauti. Lijaribu hapa kwanza, kwa watu wako. Liko ukurasa wa pili wa ratiba hii, juu kabisa, majina yote matatu mpaka la babu yako. Mimi silisomi. Na wewe mama yake, uliyekaa pale mlangoni, nilikuita nikakwambia kuna chai. Chai ipo, lakini sikukuitia chai.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana. Mdogo wangu, kipaza sauti hiki hapa. Kishike, usome.