Gauni la Kipepeo Limepwaya

Benchi letu liko kati ya cherehani ya Fundi na meza yangu ya kupigia pasi. Katikati hukaa Profesa, mshona viatu, aliyepata cheo hicho kwa kusoma kila gazeti analofungia soli. Kahawa ni ya Kengele. Zamani aligonganisha vikombe njia nzima watu wajue anakuja, lakini binti yangu wa miaka mitano huziba masikio na kulia akisikia mlio ule. Ana usonji, na bado hajaanza kusema. Hakuna aliyemwambia Kengele aache. Aliacha mwenyewe, jina likabaki. Na ni benchi hili lililomwita mwanangu Kipepeo, kwa jinsi anavyopepea mikono akifurahi. Watu kama hao wakikupa ushauri, utaukataaje?

— Siku ya ngapi leo bila mkate na maziwa, Mama Kipepeo? aliuliza Profesa.

— Ya kumi na tisa.

— Amesema neno?

— Bado.

— Basi adui hajaisha. Toa na mayai.

— Mayai hali, Profesa.

— Vizuri! Yatatoka bila vita.

Kengele alimimina kahawa.

— Mimi nasema ni sukari. Shemeji yangu ana jirani, mtoto wake alinyimwa sukari, wiki ya pili akataja majina ya ukoo mzima.

— Ulimsikia? nilimwuliza.

— Shemeji alimsikia jirani akisema.

— Lisemwalo lipo, alisema Fundi, akitia uzi sindanoni. Lakini mnazunguka tu. Shida ni rangi. Chakula chekundu kinachemsha kichwa.

— Na cheupe? niliuliza.

— Kinakipoza kupita kiasi.

— Maji je? Hayana rangi.

— Hayo ndiyo ya kuogopa! alidakia Profesa. Hujui yanaficha nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa binadamu ni mdomo.

Walicheka, nami nikacheka. Kipepeo alikuwa chini ya meza, akipanga vifungo vya Fundi mstari mmoja. Hakupepea mikono. Nililiona hilo tangu juzi, nikaogopa kulisema.

Ndipo mpaka rangi mmoja wa nyumba, mgeni kwetu, akasimama, ngazi begani. Aliomba kahawa, akasikiliza kikombe kizima.

— Samahani, wenyeji. Huyu mtoto alikuwa akila nini kabla?

— Mkate na maziwa ya uvuguvugu, nilisema. Na ndizi, kama haina doa. Basi.

— Na mkate na maziwa vilipotoka, kiliingia nini?

Profesa aliinamia kiatu kilichokwisha kushonwa. Kengele alitikisa birika, ingawa sote tulijua bado lina kahawa.

— Nimelipunguza gauni lake mara mbili mwezi huu, Fundi alisema polepole. Nikadhani nilikosea kipimo.

— Wewe hukosei kipimo, Fundi.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea.

— Mwanangu ana njaa. Muuguzi wa kliniki alinionya nisimwondolee chakula kabla hawajampima uzito na kupanga cha badala. Sikuwaambia. Niliona haya kuwakatalia, mmetutendea mema mengi.

Profesa alivua miwani.

— Haya ni yetu, mwanangu. Maji yakimwagika...

— Usimalizie, Kengele alimwambia. Leo methali zimetutosha.

Aliliacha birika lake hapohapo, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akavuka barabara mpaka dukani. Alirudi na mkate na maziwa. Profesa akachomoa kisu chake cha kukatia ngozi aukate, Fundi akamnyang'anya.

— Anaupendaje? Kengele aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa benchi kuniuliza hivyo.

— Bila ganda. Na usimtazame akila.

Basi wanaume wanne waligeuka wakatazama barabara, hata mwenye ngazi. Mimi peke yangu niliona. Kipande cha kwanza kilikwisha. Kwenye cha pili, mkono wake mmoja ulianza kupepea.

— Ahsanteni, nilisema. Kesho nampeleka kliniki.

— Mkitoka huko uniletee hilo gauni, Fundi alisema, bado amenipa mgongo.

— Si ulishalipunguza?

— Nililipunguza, sikulikata. Kitambaa chote kimo mle mle ndani ya mshono, kinamsubiri.