Kamera Ipi Impige Bibi

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kila anayekaa huanza kwa kulilaani, kisha anakaa. Asubuhi hiyo Mama Kahawa alimimina vikombe huku jicho liko barabarani. Saa tano gari lingekuja kumchukua Bibi, jirani aliyembebea mwanawe kila siku kwa miaka miwili ili yeye auze kahawa. Anahamia kwa kijana wake, mbali. Mama Kahawa alitaka picha moja tu, Bibi na mtoto. Mpiga picha, waliyembatiza Lenzi, alikubali kuipiga bure. Sasa kaja na kamera tatu shingoni, daftari kwapani, na uso umemshuka.

— Kuna kamera inavujisha mwanga, alisema, akainua mkanda wa filamu juani. Kila picha ina mstari.

— Si utumie nyingine? Mama Kahawa roho ilimruka.

— Ipi? Nilisafisha mikanda mitatu siku moja, nikaianika kamba moja. Sijui upi ulitoka kamera ipi.

Waya, fundi redio, akacheka.

— Na daftari lako tunalotambiwa kila siku?

— Halina kosa! Sikia: “Tarehe mbili, kamera namba moja, lenzi ya hamsini, dirishani. Tarehe tatu, kamera namba mbili, lenzi ya hamsini, dirishani. Tarehe nne...”

— Dirishani, alimalizia Kinyozi. Kazi kweli unayo.

— Mimi nawaambia, alisema Waya, kamera ni kama redio. Mtu akipiga simu karibu, inakamata mawimbi, inachora mistari.

— Acha uongo wewe! alidakia Kinyozi. Hiyo ni pumzi. Lenzi alikula vitunguu, akapumulia kioo.

— Vitunguu vinachora mstari ulionyooka hivyo?

— Inategemea vitunguu.

— Basi ni wivu! Waya alisimama, benchi likainama, kahawa ya Kinyozi ikamwagikia goti. Lenzi, sema kweli, kuna kamera umeisifia humo?

Lenzi akafunika ukurasa kwa kiganja.

— Niliandika tu namba tatu “haijawahi kuniangusha.”

— Ona! Hizo mbili zimenuna!

Walikuwa bado wanapigiana kelele Bibi alipofika, mtoto mgongoni. Akauchukua ule mkanda, akaupeleka juani.

— Mwanangu, huyu mama anayecheka ni nani?

Lenzi akausogelea mkanda, akakodoa macho.

— Kamera umeiandika. Hata lenzi yake umeiandika. Yeye je?

Lenzi alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

— Sikumwandika, Bibi. Ningemwandika, ningejua ni siku gani. Ningejua na kamera.

Honi ikalia kwenye kona. Mama Kahawa akashika mdomo.

— Tunapiga kwa zote tatu! Lenzi alipaza sauti. Bibi, kaa!

Kijiwe kikavurugika. Waya alipiga magoti, akashikilia mguu mfupi wa benchi usicheze. Kinyozi alichomoa shuka lake jeupe, akalikung'uta nywele, akalitandaza mbele ya Bibi ili limrudishie mwanga usoni. Goti lake bado lilikuwa limelowa kahawa, wala hakulikumbuka. Kamera ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu mtoto alimshika Bibi pua, wote wakapasuka kwa kicheko.

Lenzi akachora mstari mpya pembeni ya ukurasa, juu yake akaandika: Jina.

— Haya. Nikuandike nani, Bibi?

— Kwani hamnijui? Bibi aliwatazama mmoja mmoja.

Waya alimtazama Kinyozi. Kinyozi alikunja shuka. Wote wakamgeukia Mama Kahawa, naye uso ukamwaka moto. Miaka miwili mgongo ule umemlea mwanawe, na hajawahi kuuliza jina.

Bibi hakununa. Alichukua kalamu, akaandika mwenyewe, polepole, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mama Kahawa aliinama akalisoma jina lile kwa sauti, mara mbili, ili lisimtoke.

Birikani kulibaki kikombe kimoja; Mama Kahawa akammiminia Bibi. Dereva alipiga honi tena.

— Subiri, wewe! kijiwe kizima kilimfokea. Anakunywa!