Njumu za Mzee Ignasi

"Washambuliaji wetu ni wavivu, mama, usiwatetee!" Mzee Ignasi wa kamati ya timu alimgeukia Silvana, mama yake mshambuliaji Gabriel, ndani ya basi la Mpui lililokuwa likipeleka mashabiki uwanjani Sumbawanga. "Leo mwanao asipofunga, tunamwacha."

"Wavivu kweli, mzee wangu. Gabriel anavaa njumu kubwa kama mtumbwi, anajaza magazeti vidoleni, halafu eti mpira unakwenda pembeni. Uvivu mtupu."

"Mfadhili katupa robota zima la njumu za mitumba bure! Mlitaka achague na saizi?"

"Kuchagua ni kazi ya kamati. Robota lilipofunguliwa, si ninyi wazee mlianza kujichagulia?" Silvana alitazama njumu miguuni mwa Ignasi. "Hizo zako zimekukaa. Ndiyo namba ya Gabriel hiyo."

"Hizi ni za matope ya shambani tu."

"Hongera. Mahindi yako yatafunga mabao."

Abiria waliangua kicheko. Basi liliposimama uwanjani, Silvana aliziba mlango, akanyoosha mkono. Ignasi alitazama huku na huku, hakuna aliyemtetea. Akainama, akafungua kamba, akamkabidhi njumu, akashuka na soksi kwenye matope.

"Bado ni wavivu!" alipaza sauti.

Silvana alikuwa ameshakimbilia kwa wachezaji.