Mkono wa Sindano Nyuma ya Injini

Benchi lililokuwa kati ya kinyozi na karakana ya seremala halikuwa na mwenyewe, ndiyo maana kila aliyelikalia alilikalia kama lake. Jumapili hiyo mchana mvua ilikuwa imekatika punde tu, barabara inafuka mvuke, harufu ya maranda mabichi imetanda, na chupa ya kahawa ilikuwa inapita mkono kwa mkono bila haraka. Kinyozi walimwita Kioo, kwa sababu hakuwahi kuzungumza na mtu bila kujitazama kwenye kioo chake. Seremala walimwita Randa. Wa tatu, mshonaji nguo mwembamba ambaye hata shati alilojishonea mwenyewe lilimpwaya, alikuwa Sindano. Mbele yao lilisimama gari kuukuu la Randa, boneti wazi, na Sindano alikuwa ameinama ndani yake mpaka kiunoni.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake Randa, na safari iliyokuwa ikingojewa ilikuwa ya dada yake. Dada Mkubwa ndiye aliyemlea Randa tangu mama yao alipofariki. Sasa jicho lake moja lilikuwa limezima na la pili linafifia, na daktari alikuwa amemwambia asitegemee nuru ile kumaliza mwezi. Aliomba jambo moja tu: akaione nyumba waliyozaliwa, kule juu mlimani ambako basi halifiki. Mara tatu walijaribu. Mara tatu, nusu saa baada ya kuondoka, gari lilizima kwenye kona ya mikaratusi, likagoma kuwaka mpaka lipoe saa nzima. Kutoka pale mlima unaanza, na Randa hakuthubutu kumpandisha dada yake kwa gari la kubahatisha. Kila mara waligeuza wakarudi, na kila mara Randa alijiona hana maana.

Fundi wa gereji alikuwa ameshasema ugonjwa ni nini: sensa, kidude kidogo kama kidole gumba kinachoiambia injini imefika wapi katika kuzunguka kwake. Kikipata joto kinasahau kazi. Kwa gari la umri ule kimejificha nyuma kabisa, chini ya mabomba, na fundi alitaka kufungua nusu ya injini, tena wiki ijayo. Randa hakuwa na wiki ya kungoja. Akanunua sensa ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, akaja nayo kijiweni, wakapima mikono. Wa Randa ulikwama kwenye kiwiko. Wa Kioo ulikwama kwenye saa, na saa hakutaka kuivua. Wa Sindano ukapita. Lakini kijiwe hakikubali ugonjwa wenye maelezo mafupi hivyo.

— Gari lina kumbukumbu, alisema Kioo. Marehemu si alikuwa akisimama pale kwenye mikaratusi?

— Alikuwa akisimama kidogo, apumue kabla ya mlima, Randa alikubali.

— Basi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hili ni gari, Kioo.

— Kwani gari halilelewi?

Sauti ya Sindano ikatoka chini ya boneti, imejaa mwangwi.

— Si malezi. Hiki kidude kinafanya kazi kwa sumaku. Na ule mlima una chuma. Gari likikaribia, mlima unaliita, linachanganyikiwa limsikilize nani. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

— Wajenzi wanaingiaje hapo?

— Wewe uliona fundi yeyote pale kwenye mikaratusi?

Kioo akamimina kahawa, akaitazama inavyotulia kikombeni. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, kana kwamba alikuwa anasimulia ndoto ya jana.

— Mimi nadhani gari halizimi. Gari linafika. Linapanda mlima, linaingia uani, linasimama. Sisi ndio tunaobaki pale konani, halafu tunarudi tukidhani tumerudi nalo.

Randa alianza kucheka, akaacha. Aliliona gari limesimama peke yake kwenye ua wa utotoni, milango wazi, hamna anayeshuka. Alihuzunika kweli, na alijua huzuni ile haikuwa ya gari.

— Nyamazeni kidogo, alisema Sindano. Natembea.

Alikuwa amefumba macho. Mtu anayetunga uzi sindanoni umeme ukiwa umekatika hahitaji kuona, yeye mwenyewe ndivyo alivyojisifu. Akaanza kuwaeleza vidole vyake vilikopita: hapa ukuta, hapa bomba la mpira, hapa pana uchochoro, nashuka, hapa kona, kuna waya unanyong'onyea. Randa alisikiliza akamwona dada yake, anayepapasa ukuta siku hizi akienda msalani na kuhesabu hatua kimyakimya akidhani hamna anayemsikia. Spana ilikuwa imefungwa uzi mkononi mwa Sindano isije ikadumbukia, na kila alipoizungusha ilitoa kamlio kadogo. Bolti moja ikalegea. Mkono ukatoka mweusi mpaka kwapani, umeshika sensa iliyojaa mafuta.

Sindano akampa Kioo bila kufumbua macho, asije akapoteza njia, kisha akarudisha mkono kuipangusa nafasi. Kioo akaiweka benchini kando ya ile ya mtumba. Miaka ishirini na miwili ya kunyoa watu imemfundisha kuwa chombo kichafu hakilali mbele yake. Akachukua spiriti na brashi, akasugua ya kwanza. Akaona ya pili nayo ina vumbi, akaisugua. Akazipaka zote tone la mafuta ya mashine ya kunyolea, na huku akaendelea kumweleza Randa habari za gari linalofika peke yake.

— Nipe, alisema Sindano, kiganja wazi.

Kioo akampa.

Ilichukua robo saa nyingine. Bolti ikakaza, waya ukaingia, betri ikaunganishwa. Randa alipozungusha ufunguo injini ilipokea hapo hapo, ikanguruma taratibu, na wote watatu wakaisikiliza wakitabasamu kama waliosikia jina lao likitajwa kwa wema. Randa alitaka kumshukuru Sindano, akaishia kumpangusa mkono kwa shati lake mwenyewe.

Ndipo Dada Mkubwa alipovuka barabara. Alikuwa amesikia mngurumo akaja, kiganja kwenye ukuta wa kinyozi, mkoba begani. Wakamwamkia, akaitikia kila mmoja kwa jina, akiwatambua kwa sauti zao. Alipokaa, mkono wake ukagusa kitu kidogo benchini.

— Na hiki?

— Kibovu hicho, dada. Tunakitupa.

Akakigeuzageuza karibu na jicho.

— Mbona kisafi hivi?

— Nimekisafisha mimi, alisema Kioo kwa fahari. Vyote viwili.

— Vyote viwili vilikuwa hapa?

— Hapa hapa, dada.

— Sasa mlijuaje kuwa hiki ndicho kibovu?

Sindano alitazama kiganja chake. Kioo alifungua mdomo kutafuta methali, haikuja hata moja isiyofaa. Injini iliendelea kunguruma, lakini hata yenye sensa mbovu huwaka vizuri ikiwa baridi. Jibu lilikuwa nusu saa mbele, barabarani. Randa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alimngoja dada yake ainuke arudi nyumbani kwa mara ya nne.

— Mdogo wangu, jua limebakiza saa ngapi?

— Tatu, dada.

Akakitia kile kidude mkobani, akafunga zipu.

— Kimoja kiko kwenye injini, kimoja ninacho mimi. Hicho kikizima, tutangoja kipoe, Sindano atie hiki. Mkono wake si tunakwenda nao?

Sindano hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alichukua spana na uzi wake akaingia nyuma, na Kioo, ambaye hakualikwa na mtu, akashusha mlango wa duka akamfuata. Dada Mkubwa alikaa mbele, akateremsha kioo cha dirisha mpaka mwisho, uso nje.

Randa akatoa gari polepole. Walipomaliza nyumba za mwisho akanyoosha kidole.

— Dada, pale kushoto kuna…

— Usinionyeshe, alisema Dada Mkubwa. Acha nione mwenyewe. Nikishindwa nitakuuliza.

Randa akarudisha mkono kwenye usukani, akapunguza mwendo.