Mama Amesemaje?

Ndani ya bajaji iliyotoka Chanji, Tusekile alimwitikia mama yake kwenye simu, "Ndiyo, mama, ndiyo," huku mawazo yake yakiwa kwenye kikao cha ofisini. Akakata.

"Mjukuu wangu, mama amesemaje?" akauliza bibi mmoja wa Kisukuma aliyeketi pembeni yake.

"Jamani, bibi! Yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu. Ila umeitikia tu, hukusikiliza."

"Nimesikiliza! Amesema…" Tusekile akakwama, hasira zikampanda.

"Simu yako ina sauti kubwa. Amesema kesho anapasuliwa jicho, na anaogopa."

Bajaji ikasimama Majengo. Tusekile akashuka amenuna, hata kuaga hakuaga. Lakini kabla hajavuka barabara alikuwa ameshapiga simu.

"Mama, jicho lenyewe ni la kulia au la kushoto?"